"Mwangalie mwenzako": wivu wa ndugu wa nyumba moja

Shule zimefungwa, ripoti zimefika nyumbani, na barua nilizopata mwezi huu wa Desemba karibu zote zina kilio kimoja: mtoto mmoja kasifiwa, mwenzake kanuna. Nimechukua tano. Majina sikuyaandika, kwa heshima ya watoto wenyewe.

Mama wa Tabata

*Shikamoo Mwalimu. Nina kijana wa miaka 13, yuko darasa la sita. Mdogo wake wa kike ana miaka 10 na safari hii ametoka wa pili kati ya wanafunzi 87. Baba yao kwa furaha aliipiga picha ripoti akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kesho yake nikaikuta imechanwachanwa, imetupwa chooni. Kaka mtu amekiri, baba yake amemchapa mkanda. Tangu hapo hasemi na mtu, anakula na kurudi chumbani. Huu wivu nimtoeje?*

Marahaba, mama. Nianze na ripoti, maana kosa limefanyika na halifai kupita hivi hivi. Shule zikifunguliwa Januari, kijana aende na baba yake kwa mwalimu wa darasa la mdogo wake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ameichana, aombe nakala nyingine. Hilo litamfundisha kuliko mkanda. Mkanda umemthibitishia alichokuwa anakihofia: mdogo wake anapigwa picha, yeye anapigwa mkanda.

Sasa rudi kwenye lile kundi. Yasome tena majibu ya mashangazi na akina baba wadogo, uyasome kama mtoto wa miaka 13. Nakisia yalivyokuwa. "Huyu ndiye atakayetutoa." "Na kaka mtu vipi?" Simu ya mama watoto wanaishika, kwa hiyo yote ameyaona. Na ripoti yake yeye, nani alikaa naye akaisoma? Mama, hukuniambia ametoka wa ngapi. Barua yako nimeirudia mara tatu na sijaona hata somo moja analolipenda.

Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Abraham Tesser aliandika katika miaka ya 1980 jambo ambalo wazazi wengi tunalijua bila kulipa jina: mafanikio ya mtu wa karibu yanauma zaidi pale yanapokuwa katika jambo ambalo na wewe unalitegemea ili ujione mtu. Mtoto wa jirani akiwa wa kwanza, kijana wako hakosi usingizi. Dada yake wa meza moja akiwa wa pili, anakosa. Lakini litazame na upande wa pili. Mtoto aliyekwisha kata tamaa na shule hana sababu ya kuchana ripoti ya mtu. Aliyeichana bado anajali, na hapo ndipo pa kushika.

Ningependa baba yake ndiye aanze, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuma picha na ndiye aliyeshika mkanda. Jumamosi waende wawili kinyozi, au wakanunue kuku sokoni, popote pa kutembea bila mtu wa tatu. Asimhoji. Amwambie tu: "Nilituma ya mdogo wako na yako sikuitazama. Nilikosea." Kisha wairudie ripoti yake pamoja, ifananishwe na ile ya Juni, basi. Kama hesabu zilikuwa 31 na sasa ni 44, hizo 13 zina jasho lake, zitajwe. Kama zimeshuka, aulizwe ni mada ipi ilimshinda, mpate pa kuanzia.

Na lile neno "mwangalie mwenzako" lifukuzwe nyumbani kwenu. Nalisema nikiwa na deni. Katika miaka yangu ya ualimu nilifundisha ndugu wengi, mmoja akipanda darasa nampokea anayefuata, na sijui ni mara ngapi nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Dada yako hakuwa hivi." Nilidhani naamsha ari. Kuna mtoto mmoja alikuwa akinyoosha mkono kila siku. Baada ya siku ile hakuunyoosha tena hadi akamaliza la saba. Sura yake ninayo mpaka leo. Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora katika matokeo ya mitihani ya taifa. Ikiwa taifa zima limeweza, sebule ya Tabata haitashindwa.

Binti naye msimfiche wala msimpunguzie furaha yake, ameipata kwa haki. Ila chagueni maneno. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa shule huko Marekani: waliosifiwa kuwa wana akili walikimbilia kazi nyepesi baadaye, na walipofeli walivunjika moyo kuliko wale waliosifiwa kwa bidii. Mwambieni, "Nilikuona ukirudia zile hesabu mpaka umeme ukakatika." Sifa ya namna hiyo kaka yake anaweza kuisikia bila kuchomwa, kwa kuwa kurudia hesabu hata yeye anaweza.

Baba wa Kimara

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mwanangu wa miaka 12 anacheza mpira kwenye akademi, na makocha wanasema ana kipaji. Nampeleka mara tatu kwa wiki. Dada yake wa miaka 14 anapenda kuchora, lakini siku hizi kazi yake ni kununa na kusema, "Mimi zamu yangu lini?" Mama yake anasema ana kijicho. Nimkanye vipi?*

Waalaykum salaam, baba. Usimkanye. Huyo binti amepiga hesabu, na ukizipiga na wewe utapata jibu lake. Chukua karatasi uandike vya mwezi mmoja: ada ya akademi, nauli za mwendokasi, viatu, soksi, maji, na saa zako ulizosimama pembeni ya uwanja. Upande wa pili andika vya binti. Nina wasiwasi utaandika penseli.

Hadithi ya Nu'man bin Bashir bila shaka umeisikia, imo katika Bukhari na Muslim. Baba yake alimpa zawadi, mama yake akasema hataridhika mpaka Mtume ashuhudie. Mtume akamuuliza baba kama watoto wake wote amewapa hivyo. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, naye akarudi akaichukua zawadi yake. Mimi sikuambii umtoe kijana akademi. Nasema uadilifu unaanza na kuulizwa lile swali: na wengine umewapa?

Kuchora hakugharimu kama mpira, kwa hiyo huhitaji shilingi kwa shilingi. Unachodaiwa zaidi ni miguu yako. Mpeleke siku moja Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, akae aone rangi inavyowekwa tabaka juu ya tabaka. Mwambie mtindo ule ulianza mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta maisha, akachora kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya mbao. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, lakini miongoni mwa aliowafundisha walikuwemo ndugu zake, na kazi ikaendelea. Siku nyingine mpeleke Nafasi Art Space, Mikocheni. Siku hizo simu yako usiijibu kama kocha anapiga.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba hamlioni. Wikiendi zote binti anaburutwa kwenda kushangilia. Kijana naye amewahi kukaa hata nusu saa kutazama michoro ya dada yake? Ashangiliwe na yeye, na mdogo wake awepo.

Mama wa Mbagala

*Mwalimu, naishi na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 11. Anaimba kwaya ya watoto kanisani, na Jumapili kila mtu anamshika mkono kumpongeza. Binti yangu wa kumzaa, wa umri huohuo, ameanza kumwambia "hapa si kwenu". Nimelia.*

Pole sana, mama. Neno hilo likatazwe leo hii, kwa sauti ya chini na macho makavu: "Katika nyumba hii hakuna mtoto anayeambiwa hivyo, na ungeambiwa wewe ningekataa vilevile." Yatosha. Ukimfokea mbele ya mwenzake, utakuwa umemfukuza yeye.

Baadaye, mkiwa wawili tu jikoni, msikilize binti yako. Zamani alikuwa na mama peke yake, sasa anamgawana, na huyo aliyegawiwa naye ana sauti inayofanya kanisa zima ligeuke. Mtoto wa miaka 11 hana maneno ya kueleza hilo, ndiyo maana analichukua neno baya kuliko yote analolijua. Mpe maneno: "Unaogopa nitampenda yeye zaidi?" Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie.

Yule wa marehemu dada yako usimwombe apunguze kuimba ili nyumba itulie. Kufiwa amefiwa, wimbo asinyang'anywe. Najua watoto walioletwa kulelewa wanavyojifunza kujikunja wasionekane, wanaosha vyombo kabla ya kuambiwa, wanakula kidogo. Huyu wako bado anathubutu kusimama mbele ya watu akaimba, maana yake umemlea vizuri. Watu wakija kumpongeza, wewe simama na wote wawili, useme "hawa binti zangu", utaje majina yote mawili. Na kwa binti wa kumzaa tafuta kazi ya maana mnayoifanya ninyi wawili tu, iwe kuhesabu mauzo ya genge au kusuka nywele. Isiwe kazi ya kumfariji. Iwe kazi unayomhitaji kweli.

Mama wa Kigamboni

*Mapacha wangu wako darasa la tatu, mmoja anasoma vizuri, mwingine anasuasua. Niombe watenganishwe mikondo?*

Waulize wenyewe kwanza, kila mmoja peke yake. Kama shule ina mikondo miwili na anayesuasua anataka, omba. Anayesuasua apimwe macho na masikio kabla ya yote, nimeona wengi walioitwa wazito kumbe ubao hawauoni. Na nyumbani waiteni kwa majina yao, acheni "Kulwa na Doto" kana kwamba ni mtu mmoja.

Kijana wa Temeke

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili. Mdogo wangu mwaka huu alichaguliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi. Mimi ndiye niliyemfundisha mpira, nyuma ya nyumba, tangu hajui hata kutuliza. Sasa wote wanamsema yeye. Akisifiwa kifua kinanibana. Kuna siku alikuwa na mechi nikaomba aumie. Hakuumia, lakini niliomba. Je, mimi ni mtu mbaya?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, si mtu mbaya. Ulichokiomba kilitoka kwenye maumivu, na tangu siku ile kinakunyima raha. Mtu mbaya asingeniandikia.

Niliposoma pale uliposema ulimfundisha wewe, nilisimama kidogo. Kuna mtu yeyote amekushukuru? Nadhani hakuna. Watu wameona tunda, aliyemwagilia hawakumwona. Una haki ya kuumia kwa hilo, na unaweza kulisema. Mwambie mama au baba jioni moja wakiwa wametulia: "Mimi ndiye niliyemfundisha, na hakuna anayekumbuka." Sema hivyo hivyo. Hata mdogo wako mwambie. Huenda yeye anakumbuka kila siku na hajui kwamba unataka kusikia.

Unawajua akina Touré wa Côte d'Ivoire. Kolo ndiye mkubwa, akawa kwenye kikosi cha Arsenal kilichomaliza ligi ya Uingereza ya 2003/04 bila kufungwa. Kisha mdogo wake Yaya akaja kuwa mchezaji bora wa Afrika mara nne mfululizo, 2011 hadi 2014. Mwaka 2015 walibeba Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja, na nahodha alikuwa Yaya. Moyoni mwa Kolo sijaingia, na sitakudanganya kwamba haikumuuma hata siku moja. Ninachojua ni kwamba alivaa jezi na akacheza.

Wewe huna lazima ya kwenda kila mechi ya mdogo wako ukiwa na tabasamu la kubandika. Nenda unapoweza. Siku kifua kikibana, baki nyumbani bila kujilaumu. Lile ombi likirudi, liseme kwa mtu mzima unayemwamini, usikae nalo peke yako. Ukimkosa, piga 116, ni simu ya watoto, haina malipo, na watakusikiliza.

Na umeandika ukurasa mzima kuhusu mpira wa mdogo wako. Shule zikifunguliwa niandikie tena, unieleze ulipowaambia nyumbani ilikuwaje, na uniambie wewe unacheza namba ngapi.