Kalamu ya babu imekauka, nifanyeje?

SWALI: Habari mhariri, mi niko Arua. Babu kaniachia kalamu ya wino ya Parker 51, nibu yake imejificha ndani, inaonekana ncha tu, lakini haiandiki kabisa. Niiweke tu kabatini? Na wino wa muhuri unafaa?

JIBU: Usiifungie kabatini ndugu yangu, hiyo kalamu iliingia sokoni 1941 na mpaka leo kuna watu wanaiandikia kila siku! Nibu ilifichwa makusudi ili wino usikauke haraka. Kwanza fungua mwili wake uangalie, ukikuta kibomba cha chuma chenye kipande cha kubonyeza pembeni, chovya ncha kwenye maji ya baridi (ya moto hapana, yanaharibu plastiki) kisha bonyeza uachie, bonyeza uachie, maji yatatoka meusi au ya bluu, badilisha, rudia mpaka yatoke masafi, na ikigoma ilaze ncha majini usiku kucha bila kuilazimisha.

Wino wa muhuri usithubutu, utaziba njia zote. Tafuta wa chupa wa kalamu za wino, Quink kwa mfano, bluu ile inayooshika.

Sasa utamu wake, hukandamizi mkono kama kwenye bolpeni, kalamu inateleza yenyewe. Ila daftari nyingi za bei rahisi zinanyonya wino, mstari unatanuka na kutokea upande wa pili, kwa hiyo jaribu kwanza karatasi nzito ya fotokopi.