Gesi moja, plastiki mbili: kinachoamua ni nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niligeuza chupa ngumu ya sabuni nikaona kipembetatu chenye namba 2, alafu mfuko laini una namba 4. Nimeambiwa zote mbili ni poliethilini na zinatoka kwenye gesi moja. Sasa inakuwaje hii iwe ngumu vile na ile ivutike hivi? Kuna dawa ya kugandisha wanaongeza?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Hapana, hakuna dawa ya kugandisha hapo. Gesi ni ile ile, ethilini, mdogo kuliko wote kwenye ukoo wa olefini, yaani misombo ya kaboni na hidrojeni yenye bondi mbili, hapa kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili, na bondi moja ikifunguka molekyuli inamshika jirani yake, jirani anamshika wa mbele, hivyo hivyo mpaka unapata mnyororo wa maelfu. Tofauti yote iko kwenye namna mnyororo ulivyokua.

Njia ya kwanza ilipatikana kwa bahati tu, Uingereza, kampuni ya kemikali ya ICI, mwaka 1933. Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wanabana ethilini pamoja na kemikali nyingine kwa presha kubwa mno, wakafungua chombo wakakuta kitu cheupe kama nta. Kurudia ikawa kazi, mara inatoka mara haitoki, maana kumbe kilichowasha mchezo ni oksijeni kidogo iliyopenya ndani. Hadi leo plastiki ya namba 4 inatengenezwa kwa mtindo huo, presha inaweza kupita atmosfia 2,000, na ncha ya mnyororo inabaki huru haina wa kuishika, kwa hiyo inajipinda, inamgusa mwili wake yenyewe nyuma kidogo, tawi linaota hapo. Inajipinda tena, tawi lingine. Sasa fikiria mzigo wa kuni: fito zilizonyooka unazifunga zikakaza, matawi yenye vitawi vyake yanaacha mianya hata ukaze vipi. Plastiki ya matawi ndo hiyo laini.

Namba 2 ni habari nyingine kabisa, na kwangu mimi hapa ndo penye utamu. Karl Ziegler, Ujerumani, maabara yake ilikuwa Mülheim, alikuwa anarefusha minyororo mifupi kwa kutumia misombo ya alumini, siku moja jaribio likagoma, badala ya mnyororo ikatoka byutini tupu, yaani ethilini mbili zimeungana zikaishia hapo. Wakasaka mchawi wakamkuta: mabaki kidogo tu ya nikeli ndani ya chombo. Mwingine angesugua chombo akaendelea na yake. Wao wakajiuliza, kama nikeli inakata mnyororo metali nyingine zinafanya nini, wakaanza kuzijaribu moja moja, na 1953 wakafika kwenye titani kloridi iliyochanganywa na alumini yenye ethili. Ethilini ikageuka plastiki kwa presha ya kawaida! Siri yake ni kwamba mnyororo unakua ukiwa umeshikwa na atomu ya titani, kila ethilini mpya inajipenyeza kati ya titani na mnyororo, ncha haipati nafasi ya kuzurura, kwa hiyo matawi karibu hakuna, inapangana vizuri inakuwa ngumu. Marekani nako Hogan na Banks wa kampuni ya Phillips walishafika karibu na hapo 1951 kwa kromiamu iliyowekwa juu ya silika, madini yanayounda mchanga, na njia yao bado inatumika sana.

Ila usiamini ulaini peke yake. Ule mfuko mwembamba unaopiga kelele ukiukunja mara nyingi ni namba 2 hiyo hiyo, imevutwa ikawa nyembamba tu.

SWALI: Je, hivyo vichocheo, yaani hizo metali zinazoanzisha na kuharakisha kuungana kwa ethilini, vinabaki ndani ya plastiki? Na sisi wa klabu ya sayansi tunaweza kujaribu wenyewe?

JIBU: Vinabaki, ndiyo, ila kiasi kidogo mno. Zamani kichocheo kilikuwa kivivu, plastiki ikitoka ilibidi ioshwe kutoa metali, gharama juu ya gharama. Baadaye titani ikawekwa juu ya magneziamu kloridi, kasi ikapanda sana, siku hizi gramu moja ya kichocheo inatoa makumi ya kilo za plastiki kwa hiyo hawahangaiki kukitoa, wanaongeza tu kitu kama kalsiamu stearati kumeza asidi ya klorini iliyobaki.

Kujaribu wenyewe, hapana, na hapa sitanii. Alumini yenye ethili inawaka moto ikigusa hewa tu, ikikutana na maji ndo balaa zaidi. Na hata mkiipata, unyevu kidogo au oksijeni kidogo inaua kichocheo kabla hamjaona chochote, viwandani wanasafisha gesi kwanza mpaka uchafu uhesabike kwa sehemu kwa milioni. Chukueni gundi nyeupe ya PVA na maji ya boraksi, vaeni glovu, mkikoroga mtaona minyororo inafungana mbele ya macho yenu, inakuwa ute mzito unaovutika.