Jibu: Kwa nini bado anashtuka na waliomwonea hawapo tena?

Pole sana, dada. Umeuliza kwa nini mwanao, aliyeonewa na wenzake bwenini, bado anaruka mlango ukigongwa ilhali ameshahama shule. Hajifanyi. Amigdala, sehemu ya ubongo inayopima hatari, huwa nyepesi kushtuka mtu akidhalilishwa mara kwa mara. Ikishtuka huamsha kiini kidogo kwenye shina la ubongo kinachomwaga noradrenalini, kemikali inayouweka mwili macho: moyo unadunda, macho hayatulii, usingizi unakatika. Kazi ya kuituliza ni ya ubongo wa mbele, ambao msongo wa muda mrefu huudhoofisha.

Maabara wameliona hili kwa panya. Panya huingizwa kizimbani kwa dume mkali, anapigwa dakika chache kila siku kwa siku 10. Muda uliobaki hutenganishwa kwa kizuizi chenye matundu, anamwona na kumnusa mbabe wake. Baadaye wengi humkwepa hata panya mgeni asiyewahi kuwagusa. Wengine hawafiki huko kabisa, na hilo hunipa moyo sana.

Tafadhali usimwambie "acha woga". Mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto, na mwite jina kabla ya kugonga mlango wake.