Mama ana kadi ya kijani, je, nimwandikishe bima?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yangu, mjane wa miaka 68, alihamia kwangu Columbus, Ohio, mwaka 2023 akiwa na kadi ya kijani. Yeye na marehemu baba hawakuwahi kufanya kazi Marekani. Wakala amenipigia akisifia Medicare Advantage, mpango wa bima ya afya wa kampuni binafsi, meno na miwani bure, eti umri unatosha. Nimwandikishe? – Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe wakala huyo namba yoyote ya mama. Mpango wa kampuni binafsi hauingiwi hivihivi. Kwanza mama awe na Medicare ya serikali, bima ya afya hasa ya wazee, Sehemu A (ya hospitali) na Sehemu B (ya madaktari) zote mbili, na anwani yake iwe ndani ya eneo la mpango wenyewe. Kwa kuwa hana rekodi ya kazi, yake wala ya mume, lazima atimize miaka 5 mfululizo ya kuishi huko kihalali, yaani hadi 2028. Hapo atailipia Sehemu A kila mwezi, na ya B pia. Ada ya B haikomi hata akiingia Advantage. Hiyo “bure” wakala hakuimalizia.

Kwa sasa mtafutie bima kwenye HealthCare.gov, soko la bima la serikali mtandaoni, wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa.

Na mama akitaka likizo ndefu za kurudi nyumbani Kisauni, angalia. Zinaweza kuvuruga hesabu ya miaka 5, na akishaingia Advantage, akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa kawaida huondolewa.