Wasomaji Wanauliza: Laiki Zipo, Wateja Hawaonekani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu takwimu za mitandao ya kijamii. Tumechagua sita. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili kuwa marefu.

Wafuasi wangu Instagram ni 12,400 na kila picha inapata laiki 150 hadi 200, lakini WhatsApp kimya. Mwenzangu ana wafuasi 3,000 tu na kila siku anafunga mizigo. Ninunue wafuasi wengine au nilipie tangazo? (Mama Mashuka, Mwanza)

Yote mawili yasubiri, Mama Mashuka. Kabla ya kutoa hata shilingi, jua kwanza picha zako zinaonwa na nani. Kama akaunti yako bado ni ya kawaida, ingia kwenye mipangilio uigeuze iwe ya biashara. Ni bure. Takwimu zinaanza kukusanywa siku unapogeuza, na za machapisho ya nyuma hutazipata, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Halafu chukua chapisho lenye umri wa wiki moja, fungua takwimu zake, andika namba tano: watu waliofikiwa, laiki, maoni, waliohifadhi na waliowatumia wenzao.

Namba nne za mwisho zijumlishe, kisha ugawanye jumla hiyo. Wengi hukosea kwa kugawanya kwa idadi ya wafuasi. Tuseme una laiki 180, maoni 6, waliohifadhi 9 na waliotuma 5, jumla 200. Ukigawanya kwa wafuasi 12,400 unapata asilimia 1.6, na namba hiyo haikwambii ufanye nini kesho. Gawanya kwa waliofikiwa. Kama picha iliwafikia watu 1,600, hiyo ni asilimia 12.5: walioiona wameipenda, ila haikufika mbali. Kama iliwafikia 9,000, ni asilimia 2.2: imefika, lakini watu wameipita. Hayo ni maradhi mawili, na dawa ya moja haitibu jingine.

Picha isiyofika mbali inahitaji kutumwa. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza Januari 2025 kwamba mambo matatu yanayopewa uzito mkubwa ni muda wa kutazama, laiki na kutumiana kwa ujumbe, na kwamba kutumiana ndiko kunakosaidia zaidi kuwafikia wasiokufuata. Kwa hiyo jiulize nani atamtumia nani picha hii. "Seti ya zawadi ya harusi, shuka mbili na foronya nne, 65,000" inatumwa kwenye kundi la kamati ya harusi. Shuka lililokunjwa kabatini halitumwi kwa mtu.

Picha iliyofika ikapuuzwa, iangalie bei yake. Tabia ya "bei njoo inbox" inadanganya takwimu: kila anayeandika "bei?" anahesabiwa kama ameshiriki, kwa hiyo ukipata maoni 40 na 35 kati yake ni "bei?", dashibodi inakupongeza kwa kuficha habari. Wapo wanaoapa kuwa kuficha bei kunaleta mazungumzo. Huenda ni kweli kwa biashara zao. Wewe pima yako. Weka machapisho sita yenye bei na sita yasiyo na bei, ukipokezana, bidhaa za aina moja, kisha hesabu waliokuja WhatsApp. Laiki ziache nje ya jaribio hili.

Utawahesabuje? Tengeneza kiungo cha wa.me kwa kila mahali unapojitangaza. Andika wa.me/ ukifuatisha 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, kisha ?text= na ujumbe, na kila nafasi kati ya maneno uandike %20. Mfano:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20nimeona%20mashuka%20Instagram

Cha kwenye stori kiseme "stori", cha TikTok kiseme "TikTok". Mteja akibonyeza, ujumbe unakuja umeshaandikwa, naye anatuma tu. Kwenye WhatsApp Business mpe lebo ya alikotoka, na akilipa mwongezee lebo ya "amelipa". Jumapili unahesabu lebo. Makosa ya kawaida ni mawili: kubakiza sifuri baada ya 255, na kubandika kiungo kwenye maelezo ya picha ya Instagram, ambako hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu au kwenye stika ya kiungo ndani ya stori. Wengine watafuta ujumbe na kuandika "Mambo", kwa hiyo namba utakayopata ni ya chini kuliko hali halisi.

Wafuasi wa kununua hawanunui mashuka. Na kama uliwahi kununua, fungua takwimu za wafuasi utazame miji yao: ukikuta miji ya nchi ambazo hujawahi kutuma mzigo imetangulia mbele ya Mwanza, umeshapata sababu ya ukimya. Tangazo ni zuri, ila lilipie chapisho ambalo tayari limeonyesha asilimia nzuri bila pesa.

Tunarekodi mapishi ya pwani. Watazamaji wetu wako Mombasa, Muscat na London. Tuposti saa ngapi? (Jiko la Pwani, Mombasa)

Takwimu za wafuasi za Instagram na TikTok zina mchoro unaoonyesha saa ambazo wafuasi wenu wako hewani. Tafuteni kilele, mposti kama saa moja kabla yake. Saa 2 usiku ya Mombasa ni saa 3 usiku Muscat, na London ni saa 11 jioni wakati wa baridi au saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Hapo wote watatu wako macho.

Angalieni mtego mmoja wa kwetu: programu za kupanga machapisho hazijui saa za Kiswahili. Anayeandika 2:00 akimaanisha saa 2 usiku anaposti saa 8 usiku, jiji limelala. Andikeni 20:00.

Kwa YouTube msijisumbue sana, kwani wenyewe wanasema saa ya kuchapisha haijulikani kuathiri moja kwa moja matokeo ya video kwa muda mrefu. Ila mjue kwamba siku kwenye takwimu zake huhesabiwa kwa saa za pwani ya Pasifiki ya Marekani. Siku yao inaanza kwetu saa 4 asubuhi, au saa 5 katika miezi ya baridi yao, kwa hiyo video ya Ijumaa saa 2 asubuhi inaingia kwenye hesabu ya Alhamisi.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, nafundisha pia TikTok. Kila video inaishia watazamaji 200 au 300. Nimeambiwa akaunti imefungiwa kimyakimya, niweke hashitagi 30. (Mwalimu, Tanga)

Marahaba, mwalimu. Namba ndogo peke yake si ushahidi wa kufungiwa. Video ikizuiwa isipendekezwe, TikTok hukujulisha kwenye video yenyewe. Kama hujaona taarifa hiyo, acha nadharia ya adhabu ufungue takwimu za video moja.

Anza na wastani wa muda wa kutazama, uugawanye kwa urefu wa video. Video ya sekunde 58 inayotazamwa wastani wa sekunde 7 imetazamwa asilimia 12. Sasa nenda kwenye mchoro wa waliobaki, ule mstari unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia, uusome kwa umbo lake.

Ukianguka wima katika sekunde tatu za kwanza, umewapoteza kwenye salamu. Sisi salamu zetu ni ndefu, na darasani ni adabu njema: "Habari zenu wanafunzi wangu, natumaini mko salama, karibuni tena..." Lakini anayepitisha kidole hajakaa darasani bado. Anza na swali lenyewe ubaoni: "Nusu ukiigawa kwa robo unapata 2. Kwa nini jibu ni kubwa kuliko tulichokigawa?" Salamu ije sekunde ya kumi, au isije kabisa.

Mstari ukiteremka polepole, hiyo ni kawaida. Kila video inavuja. Ukianguka ghafla katikati, andika sekunde yake, rudi kwenye video uangalie. Mara nyingi utakuta umegeuka ubaoni ukaandika kimya sekunde nane, au sauti imezamishwa na feni. Mstari ukipanda kidogo mahali fulani, watu wanarudisha nyuma kutazama tena. Usishangilie haraka: huenda hatua ile ilipita upesi mno. Iache ubaoni sekunde tatu zaidi kwenye video inayofuata, uone kama kilima kinapotea. Na ukiona wanaondoka mwishoni pale unaposema "msisahau kunifuata", kata sentensi hiyo, video iishe jibu linapotoka.

Kisha tazama watazamaji wametoka wapi. Kwa mwalimu, chanzo cha kutamani ni utafutaji, maana video inayopatikana kwa kutafutwa huishi miezi, si siku mbili. Wanafunzi na wazazi hutafuta kwa maneno yao: "hesabu darasa la saba", "kugawanya sehemu", "maswali ya NECTA". Yaandike maneno hayo kwenye maelezo, yaweke kwa maandishi juu ya video, na uyatamke. Hashitagi tatu au nne zinazotaja mada zinatosha. Kuzirundika hakusaidii, na kunasukuma chini maelezo ambayo yangesaidia.

Ukurasa wetu wa Facebook ulikuwa unapata maelfu ya maoni kwa "Andika AMINA upokee baraka" na "Laiki kama unampenda mama". Sasa watu wanaofikiwa wamepungua sana. (Msimamizi wa ukurasa, Nairobi)

Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba inashusha machapisho yanayoomba laiki, maoni, kutajana au kusambaziana kwa namna hiyo, na kwamba kurasa zinazorudia mchezo huo zinashushwa kwa ujumla. Acheni kabisa, sio kupunguza. Ulizeni kitu chenye majibu tofauti: "Nauli ya kutoka kwenu hadi mjini asubuhi hii ni ngapi?" Maoni yatakuwa machache kwa idadi, ila yatakuwa ya maneno kumi badala ya moja, na watu wataanza kujibizana wao kwa wao.

Tuna tovuti ya habari za kilimo. Tunasambaza makala kwenye makundi ya WhatsApp, lakini Google Analytics inaonyesha wengi wamekuja "moja kwa moja". WhatsApp haifanyi kazi? (Wahariri wa tovuti, Nakuru)

Inafanya kazi, ila haijitambulishi. Mtu akibonyeza kiungo ndani ya WhatsApp, mara nyingi tovuti haipokei taarifa ya alikotoka, na Google Analytics ikikosa taarifa inamweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja. Dawa ni kuweka alama kwenye kiungo. Mwisho wa anwani ya makala ongezeni:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=mbegu_machi&utm_content=kundi_wafugaji

Herufi ziwe ndogo daima, kwa sababu "WhatsApp" na "whatsapp" zinahesabiwa kama vyanzo viwili. Kwenye utm_medium wekeni "social" kama ilivyo. Mkibuni neno lenu, mfano "kundi", wageni hao wanaweza kuangukia fungu la wasiojulikana aina. Jina la kundi likae kwenye utm_content, ndipo mtajua kama wafugaji wanasoma kuliko wakulima wa viazi. Na kamwe msiweke alama hizi kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenu, kutoka ukurasa wa kwanza kwenda makala: zitavuruga hesabu ya mgeni alikotoka kweli.

Ingieni pia kwenye mipangilio ya Google Analytics, hakikisheni saa ni za Nairobi, na ongezeni muda wa kuhifadhi data kutoka miezi 2 ya kawaida hadi 14. Bila hivyo, msimu ujao wa kupanda mtataka kuchambua kwa undani wasomaji wa msimu huu na data itakuwa imeshafutwa.

Rili yangu moja ilipaa mwezi uliopita. Tangu hapo kila ninachoposti kiko chini ya wastani, natamani kuacha. (Mshona nguo, Kigoma)

Wastani ndio uliokudanganya. Tuchukue machapisho kumi yaliyowafikia watu 900, 1,050, 1,100, 1,150, 1,200, 1,250, 1,300, 1,400, 1,500 na moja 48,000. Wastani ni 5,885, na tisa kati ya kumi yako chini yake, ingawa hakuna kilichoharibika. Tumia namba ya katikati: zipange kwa ukubwa, chukua ya kati; za kati zikiwa mbili, zijumlishe ugawanye kwa mbili. Hapa ni 1,225. Kwenye Google Sheets andika =MEDIAN(B2:B11) nayo itajipigia hesabu yenyewe. Chapisho la 1,500, ambalo ulikuwa unalilia, kumbe limepita kiwango chako cha kawaida kwa zaidi ya watu 270.

Andika namba za kila chapisho siku ya saba baada ya kuliweka. Ukilinganisha rili ya juzi na ya wiki tatu, ya juzi itashindwa kila mara. Na ile iliyopaa usiiige yote kwa mpigo. Badilisha kitu kimoja kwa kila rili tano: kwanza ufunguzi wake, halafu urefu, halafu aina ya nguo. Ukibadilisha vyote pamoja, namba zikipanda hutajua ni kipi kilichozipandisha, na zikishuka hutajua cha kurudisha. Tazama pia waliofikiwa na ile rili wasiokufuata ni asilimia ngapi, na wangapi walikufuata kutokana nayo. Kama watu 48,000 waliitazama na 30 tu wakakufuata, walivutiwa na muziki au kichekesho, si na mishono yako. Usiifanye kipimo cha kazi zako nyingine.