Kabla hujalipia kikoa cha nchi, uliza nani ataona anwani yako

Ukisajili .com siku hizi, taarifa zako nyingi, kama anwani na simu, zinafichwa bila hata kuomba. Ndiyo maana mtu akihamia kikoa cha nchi, yaani jina la tovuti linaloishia kwa herufi za nchi kama .ca au .us, anadhani mambo ni yale yale. Sivyo. Nimekuwa nikiwasajilia watu majina ya vikoa kwa muda mrefu, na hapa ndipo ninapoona wengi wakiumia.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutumika 2018, ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ilibadilisha kanuni ili taarifa za wamiliki wa .com, .org na wenzake zisianikwe. Lakini vikoa vya nchi haviko chini ya kanuni hizo. Kila kimoja kina mamlaka yake. Kanada inaficha taarifa za watu binafsi kwenye .ca tangu 2008, ila za kampuni zinaonekana. Ufaransa nayo humficha mtu binafsi. Marekani ilikwenda njia nyingine: mwaka 2005 serikali ilipiga marufuku kusajili .us kwa kujificha nyuma ya jina la wakala.

Dada mmoja anayeishi Marekani, aliyemkimbia mume mkatili, aliniomba nimsajilie .us kwa ajili ya tovuti ya kuwasaidia wanawake wenzake. Kabla ya kulipia nilimfungulia rekodi ya kikoa kingine cha .us: jina kamili, mtaa, namba ya nyumba, simu, barua pepe. Yote wazi kwa yeyote mwenye intaneti. "Kaka, hapana," akasema pale pale. Tukachukua .org.

Usitegemee msajili, yaani kampuni inayokuuzia kikoa, akuonye. Wengine wanatangaza huduma ya faragha kwa herufi kubwa, halafu kumbe kikoa unachotaka hakimo. Na taarifa zikishatoka hazirudi: zipo kampuni zinazonakili rekodi hizi na kuzihifadhi miaka nenda rudi, hivyo kubadilisha anwani baadaye hakufuti ya zamani.

Tafadhali usidanganye kwenye fomu. Taarifa za uongo zinaweza kukunyang'anya jina, na ukitokea mgogoro utathibitishaje kwamba ni lako? Tumia taarifa za kweli ambazo hazimpeleki mtu mlangoni kwako: barua pepe ya kikoa hicho tu, laini ya simu ya pembeni, sanduku la posta kama kanuni zinaruhusu. Tena, kama ni mtu binafsi, sehemu ya jina la taasisi iache wazi. Kwenye .eu, kikoa cha Umoja wa Ulaya, ukiijaza unahesabiwa kampuni, na ulinzi wa mtu binafsi unaukosa.

Ninachofanya kila mara ni hiki: naingia kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, si ya msajili, nasoma kanuni zake, kisha natafuta rekodi ya kikoa kinachomilikiwa na mtu binafsi. Kinachoonekana kwake ndicho kitakachoonekana kwako.