Weusi wa vyungu vya Odundo hautoki kwenye kopo la rangi

Mkuu, umeuliza mfinyanzi Magdalene Odundo anapaka rangi gani mpaka vyungu vyake viwe vyeusi vile, kwa sababu ya kwako ya dukani imebanduka yote. Hapaki rangi. Anapaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa, anausugua mpaka ung'ae, mengine anauachia moto.

Mama huyu alizaliwa Nairobi 1950, akaenda Uingereza 1971. Miaka michache baadaye alikwenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (mji ule leo unaitwa Suleja), akajifunza kwa akina mama wa Kigwari (kabila la huko) wanaofinyanga bila gurudumu. Chungu chake kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa chungwa. Akikirudisha tanuuni na kukinyima hewa, kinageuka cheusi: chuma kilichomo kwenye udongo kinanyang'anywa oksijeni, na masizi ya moshi yanazama kwenye vitundu. Udongo ni uleule!

Mimi sina tanuu la gesi. Nachoma kwa kuni mara ya kwanza, chungu kikipoa nakilaza ndani ya debe lililojaa maranda ya fundi seremala, naziba mfuniko kwa udongo mbichi, halafu debe zima linarudi motoni. Mara ya kwanza nilishindwa kusubiri, nikafungua kukiwa bado kuna moto. Chungu kilikuwa cheusi tii. Nikakitazama kikirudia wekundu kuanzia mdomoni, kisha kikalia ta! na ufa ukashuka mpaka kitakoni. Niliumia sana, wiki tatu za kazi. Siku hizi debe linalala mpaka kesho yake.

Kusugua, fanya udongo ukiwa umekauka nusu, kwa kokoto laini ya mtoni. Na usizidishe kuni, moto ukiwa mkali mno mng'ao wote unapotea.

Anza na vikombe viwili vidogo vya udongo mmoja, kimoja ukichome wazi, kingine ndani ya debe. Halafu niambie udongo wako unautoa wapi. Ule mweusi wa mbugani hunywea sana ukikauka, utwangie vigae vya vyungu vilivyovunjika uchanganye, na uuanike kivulini.